Peter Scott: Mwindaji aliyekodi tope akalifanya mali

Mkulima wa Igalula, mkoani Tabora, anaijua mbuga kwa faida zake. Masika humpa jaruba la mpunga. Kiangazi humpa malisho ya ng'ombe, udongo wa matofali na maji ya kisima kifupi. Ndege wanaotua humo hawaingii kwenye hesabu yake. Bata mwitu, bata bukini, korongo na yangeyange ni kitoweo cha bahati, au ni waharibifu wa mpunga, au hawamhusu kabisa.

Ndiyo maana jembe huzidi kusogea kuelekea katikati ya mbuga, pale maji yanapochelewa kukauka. Si rahisi kumlaumu mkulima kwa hilo. Gunia la mpunga linalipa ada ya shule. Bata mwitu halipi chochote. Swali la kiuchumi ni moja tu: mwenye shamba abakize maji kwa faida gani?

Sir Peter Scott, Mwingereza aliyefariki mwaka 1989, alitumia zaidi ya miaka 40 kulijibu swali hilo kwa vitendo. Dunia inamkumbuka kama mchoraji, mtangazaji wa televisheni na mtu aliyechora nembo ya panda ya shirika la WWF. Lakini kwa wakulima na wafanyabiashara wadogo upo upande mwingine wa maisha yake unaostahili kufahamika. Mtu huyu alikuwa mpangaji. Kazi yake kubwa aliianzia kwenye tope lisilo lake, alilolikodi kwa mwenye ardhi, na akalifanya tope hilo lijilipe.

Mtoto wa Kapteni

Peter Markham Scott alizaliwa London Septemba 14, 1909. Baba yake, Kapteni Robert Falcon Scott wa jeshi la majini la Uingereza, aliongoza msafara wa kwenda Ncha ya Kusini ya dunia. Walifika huko Januari 1912 wakakuta wenzao kutoka Norway wamewatangulia. Wakiwa njiani kurudi, wote watano walikufa kwa baridi na njaa. Peter alikuwa na umri wa miaka miwili na nusu. Mwaka huohuo, huku kwetu, reli ya kati iliyokuwa ikijengwa na Wajerumani ilifika Tabora, na kazi ya wapagazi wa misafara katika njia hiyo ya kale ikaanza kufika ukingoni.

Kabla ya kukata roho, Kapteni Scott alimwandikia mkewe barua akimtaka amlee mtoto apende viumbe vya porini kuliko michezo ya kawaida. Mama huyo, Kathleen, aliyekuwa mchongaji wa sanamu, aliutimiza wosia huo. Mvulana alikua akikusanya wadudu, mijusi na ndege, na kuwachora.

Ni vyema ikaeleweka mapema kwamba Peter Scott hakuanzia chini kabisa. Jina la baba yake lilimfungulia milango mingi. Hata hivyo, jina halikumpa mashamba. Hakurithi ardhi ya kutosha kuweka hata kundi moja la bata.

Bunduki ilitangulia

Wengi hudhani kwamba watetezi wa ndege huzaliwa wakiwa na huruma. Kwa Scott haikuwa hivyo. Alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cambridge, alikomaliza masomo mwaka 1931, alikuwa mwindaji hodari wa bata. Alilala usiku kucha ndani ya mtumbwi mwembamba kwenye matope ya pwani ya mashariki ya Uingereza, akingoja alfajiri ndege waruke.

Uwindaji huo ulimfundisha mambo ambayo darasani hayakuwepo. Ilimpasa ajue maji yanajaa saa ngapi, upepo unatoka wapi, bata bukini wanakula nini na wanalala wapi. Mwindaji asiyejua hayo hurudi mikono mitupu.

Kilichomsumbua kilitokea katika uwindaji huohuo. Siku moja bata bukini aliyepigwa risasi alianguka mbali, kwenye tope lisilopitika. Hakufa. Wawindaji hawakuweza kumfikia wala kummaliza, na kesho yake alikuwa bado hai palepale. Scott hakuitupa bunduki siku hiyo, lakini hamu ilianza kumtoka. Miaka ilivyopita aliiacha kabisa.

Wakati huohuo aligundua kwamba ndege aliye hai anaweza kumlisha. Alisomea uchoraji Munich, Ujerumani, na baadaye London. Mwaka 1933 alifanya maonyesho yake ya kwanza ya picha jijini London, nyingi zikiwa za bata bukini wakiruka juu ya maji, na picha hizo zikapata wanunuzi. Kwa mara ya kwanza ndege wa majini walimwingizia fedha bila yeye kuwaua. Alikwenda kuishi katika mnara wa zamani wa taa mdomoni mwa mto Nene, huko Sutton Bridge, akifuga bata bukini na kuchora. Mwaka 1936 alishinda medali ya shaba ya mashua za tanga katika Michezo ya Olimpiki.

Vita Kuu ya Pili ilimtoa kwenye mnara. Alitumikia jeshi la majini, akaongoza boti za kivita katika mlango wa bahari wa Uingereza na kutunukiwa nishani za ushujaa. Kwa jicho lake la mchoraji alibuni rangi za kufifisha meli zisionekane kirahisi na adui. Vita ilipokwisha mwaka 1945 aligombea ubunge, akashindwa kwa kura chache. Akiwa na miaka 36, alianza upya.

Tope la ukoo wa Berkeley

Desemba 1945 Scott alikwenda Slimbridge, kando ya mto Severn magharibi mwa Uingereza. Hapo palikuwa na uwanda wa majani mafupi na matope ambao mto ulipofurika uliufunika. Maelfu ya bata bukini kutoka kaskazini ya Urusi walikuja hapo kila majira ya baridi.

Kwa nini walikuja hapo na si kwingine? Jibu lilikuwa kwenye umiliki. Ardhi ilikuwa ya ukoo wa Berkeley, kabaila wa eneo hilo tangu enzi za kale. Ukoo huo ulipenda kuwinda, hivyo ulizuia watu wengine kuingia ovyo. Ng'ombe walilisha huko kiangazi na kuyaacha majani mafupi, ambayo ndiyo bata bukini huyapenda. Palikuwepo hata bwawa la zamani la kunasia bata, lililochimbwa katika karne ya 19. Kwa maneno mengine, ndege walikuwa wamehifadhiwa na mwenye ardhi kwa sababu zake mwenyewe, bila sheria ya serikali na bila mfadhili. Mwenye ardhi aliona faida, naye akatunza.

Scott alilielewa hilo haraka. Hakwenda kuiomba serikali imnyang'anye Berkeley ardhi yake, wala kumhubiria. Alikwenda kukodi. Novemba 10, 1946 chama cha kuhifadhi ndege wa majini kilianzishwa hapo Slimbridge, kikiwa mpangaji wa ukoo wa Berkeley. Ng'ombe hawakuondolewa, na shamba liliendelea kuwa shamba.

Hapa pana jambo la kuzingatia kwa mazingira ya Tanzania. Kwetu ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na mwananchi wa kijijini anaimiliki kwa hakimiliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Hata hivyo, anayeamua kama mbuga italimwa yote au itabakizwa sehemu ni yuleyule aliyeishika, na kijiji chake. Mfano wa Slimbridge unahusu watu wa aina hiyo: wale wenye kauli juu ya kipande cha ardhi.

Kiingilio mlangoni

Kukodi ni gharama, na gharama isiyokuwa na mapato haidumu. Ubunifu mkubwa wa Scott ulikuwa hapa. Wakati ule, maeneo mengi ya kuhifadhi ndege yalifungwa kwa watu wa kawaida. Yeye alifungua mlango na kutoza kiingilio.

Alichimba mabwawa madogo, akaweka bata wa aina mbalimbali kutoka kila pembe ya dunia ili mgeni awaone kwa karibu. Mbele zaidi, kwenye uwanda wa mto, alijenga vibanda vya kujificha ambamo mtu aliweza kuwatazama ndege wa porini bila kuwashtua. Mgeni alilipa mlangoni. Aliyependa zaidi alijiunga kuwa mwanachama na kulipa ada ya kila mwaka. Fedha hizo zililipa kodi ya pango, chakula cha ndege na mishahara.

Kisha ikaja televisheni. Mwaka 1953 shirika la BBC lilirusha matangazo ya moja kwa moja kutoka Slimbridge, na kuanzia mwaka 1955 Scott aliongoza kipindi cha wanyama kilichompatia umaarufu nchi nzima. Kila kipindi kilikuwa tangazo la biashara lisilolipiwa. Watu walioona bata kwenye kioo walitaka kuwaona kwa macho yao.

Sambamba na hayo alifanya utafiti. Kuanzia mwaka 1948 chama chake kilitumia nyavu zinazorushwa kwa roketi kunasa bata bukini wengi kwa pamoja, kuwavisha pete za namba miguuni na kuwaachia. Mwaka 1951 na 1953 alikwenda nyanda za ndani za Aisilandi, akawavisha pete maelfu ya bata bukini wakati wakiwa wamepukutisha manyoya na hawawezi kuruka. Katika safari ya kwanza ndipo alipomwoa Philippa, aliyekuwa mwenzake wa kazi hadi mwisho wa maisha.

Pete zilitoa jibu lenye uzito wa kiuchumi: ndege mmoja hutumia mashamba ya watu wengi, katika nchi nyingi, kwa mwaka mmoja. Mkulima mmoja akiharibu bwawa lake, hasara hufika hadi kwa watu asiowajua.

Bata wa mfugaji wa Hawaii

Kisa kinachomtangaza Scott zaidi ni cha bata bukini wa Hawaii aitwaye nene. Kufikia mwaka 1950 walikuwa wamebaki porini wapatao 30 tu. Waliisha kwa kuwindwa na kwa kuliwa na wanyama walioletwa visiwani, wakiwemo nguchiro ambao wenye mashamba ya miwa waliwaleta ili wale panya.

Aliyewaweka hai si serikali. Alikuwa mfugaji wa ng'ombe, Herbert Shipman, aliyeanza kuwafuga kwenye ranchi yake tangu mwaka 1918. Aprili 1946 wimbi kubwa la tsunami lilipiga shamba lake la pwani na kumwachia ndege wachache, akawahamishia sehemu ya juu. Shipman ndiye aliyetoa ndege kwa ajili ya mradi wa kuwazalisha ulioanzishwa Hawaii, na mwaka 1950 wawili walipelekwa Slimbridge.

Scott na wenzake walidhani wamepokea jike na dume. Muda si mrefu wote wawili walitaga mayai. Ilibidi dume lisafirishwe haraka kwa ndege kutoka Hawaii. Mwaka 1952 vifaranga wa kwanza walianguliwa. Mbinu iliyotumika anaijua kila mama mfuga kuku wa Tabora: mayai yalilaliwa na kuku wa kawaida wanaoatamia vizuri.

Mwaka 1962 kundi la nene waliozaliwa Slimbridge lilirudishwa Hawaii, na vijana wa skauti wakawabeba ndani ya maboksi mgongoni hadi ndani ya kreta ya Haleakala, kisiwani Maui. Leo nene wamevuka 3,000, na mwaka 2019 Marekani iliwashusha kutoka daraja la walio hatarini zaidi hadi daraja la chini yake. Bila ranchi ya mtu binafsi, Scott asingekuwa na yai hata moja la kuanzia.

Kosa lililogharimu mamilioni

Si kila alichofanya kilikuwa na matokeo mema. Miongoni mwa bata walioletwa Slimbridge kutoka nje walikuwemo bata wadogo wa rangi ya kahawia kutoka Amerika Kaskazini. Katika miaka ya 1950 baadhi yao walitoroka, wakazaana kwenye mabwawa ya Uingereza, na baadaye wakavuka hadi Hispania. Huko walianza kupandana na bata mwingine wa asili mwenye kichwa cheupe, ambaye Wahispania walikuwa wamehangaika kumwokoa asipotee.

Mwaka 2005 Uingereza ilianza mpango wa kuwaua bata hao wote. Kazi hiyo iligharimu mamilioni ya fedha za walipa kodi. Anayefuga samaki, bata au mmea wa kigeni kwenye bwawa lake ana la kujifunza hapa. Kuleta ni rahisi. Kuwaondoa wakishatoroka ni gharama ya vizazi.

Nani alipe majani yaliyoliwa?

Chama cha Scott kilipanuka. Mwaka 1970 kilifungua vituo viwili vipya. Kimoja kilikuwa Welney, mashariki mwa Uingereza, kwenye mabonde yanayofurika kila mwaka. Kingine kilikuwa Caerlaverock, kusini mwa Scotland, kwenye ardhi iliyokuwa chini ya Mtawala wa Norfolk, kabaila mwingine.

Caerlaverock ilikuwa na bata bukini wenye mashavu meupe wanaozaliana visiwa vya Svalbard, karibu na Ncha ya Kaskazini. Mwishoni mwa miaka ya 1940 walikuwa wamebaki kama 300. Uwindaji ulipozuiwa na eneo la kulala likapata ulinzi, waliongezeka mwaka hadi mwaka mpaka wakavuka 30,000.

Hapo mafanikio yakawa tatizo. Bata bukini 30,000 hawalali na njaa. Walihamia kwenye malisho ya wakulima na kula majani yaliyowekewa mbolea kwa ajili ya ng'ombe na kondoo. Wananchi wa mjini walifurahia ndege. Wakulima walilipa bili. Ni malalamiko yaleyale ya mkulima wa mpunga anayeona bata wakishuka kwenye majaruba yake usiku.

Suluhisho lilipatikana katika miaka ya 1990, Scott akiwa ameshafariki. Taasisi ya serikali ya uhifadhi ilianza kuwalipa wakulima wa eneo hilo ili waache mashamba maalumu bila kuwafukuza ndege, huku wakiruhusiwa kuwatisha mashamba mengine. Fedha hazikutolewa kwa huruma. Zililipwa kama malipo ya huduma, kwa sababu mkulima alikuwa akitunza mali ya umma kwenye shamba lake.

Hatari nyingine haikuzuilika kwa malipo. Katika majira ya baridi ya 2021 kuingia 2022 mafua makali ya ndege yaliua maelfu ya bata bukini hao. Ndege wengi wakibanwa sehemu moja, ugonjwa huwapata kwa pamoja. Madimbwi mengi madogo, yaliyotawanyika kwa wakulima wengi, huwapunguzia ndege msongamano huo.

Kutoka Slimbridge hadi Malagarasi

Mwaka 1961 Scott alikuwa miongoni mwa waasisi wa WWF. Ila kwa Tabora, kazi yenye uzito zaidi ni nyingine. Ofisi ya kimataifa ya utafiti wa ndege wa majini ilihamia Slimbridge, na kutoka kwa kundi hilo la wataalamu, akiwemo Geoffrey Matthews wa Slimbridge na Luc Hoffmann aliyekuwa na shamba lake la hifadhi katika nchi ya mpunga ya Camargue, Ufaransa, ulitoka mkataba uliotiwa saini Februari 2, 1971 katika mji wa Ramsar, Iran.

Mkataba wa Ramsar unazitaka nchi ziorodheshe maeneo yao muhimu ya ardhi oevu na kuyatumia kwa busara. Kigezo kimojawapo ni eneo kuwa na ndege wa majini 20,000 au zaidi kila mara. Mkataba haumnyang'anyi mkulima ardhi wala kukataza kilimo, uvuvi au ufugaji. Unachotaka ni kwamba matumizi hayo yasiliue eneo lenyewe.

Tanzania ilijiunga mwaka 2000. Eneo lake la kwanza kuorodheshwa lilikuwa Malagarasi-Muyovozi, lenye hekta milioni 3.25, lililoenea mikoa ya Tabora, Kigoma na Shinyanga kwa mipaka ya wakati huo. Ni mabonde yaleyale ambayo misafara ya pembe za ndovu kutoka Tabora kwenda Ujiji iliyapita, ikivushwa Malagarasi kwa mitumbwi. Humo anaishi korongo mkubwa wa kijivu mwenye mdomo kama kiatu cha mbao, ndege ambaye watalii huvuka bahari kumtafuta.

Maji ya mabonde hayo hayaanzii huko. Igombe, Wala na Ugalla huyakusanya kutoka mbuga nyingi za mkoa wa Tabora, na nyingi kati ya hizo ni mashamba ya watu. Serikali inaweza kulinda mto mkubwa, kama ilivyofanya mwaka 2019 ilipotangaza Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla. Haiwezi kuweka askari kwenye kila jaruba.

Alichoacha

Scott alipewa cheo cha Sir mwaka 1973 kwa kazi ya uhifadhi. Alifariki Bristol Agosti 29, 1989, wiki mbili kabla ya kutimiza miaka 80. Nyumba yake ilikuwa palepale Slimbridge, dirisha kubwa likitazama bwawa. Tangu mwaka 1964 yeye na familia yake waliwatambua bata maji wakubwa weupe kutoka Urusi mmoja mmoja kwa alama za midomo yao, kama mfugaji anavyowajua ng'ombe wake.

Wazo lake la mwisho kubwa lilikamilika mwaka 2000. Mabwawa ya maji yaliyokuwa hayatumiki tena jijini London yaligeuzwa kuwa hifadhi ya ndege. Sehemu ndogo ya ardhi iliuzwa kwa ujenzi wa nyumba, na fedha hizo zikalipia sehemu kubwa iliyobaki. Biashara ilibeba hifadhi.

Hesabu ya mwenye mbuga

Ni wazi kwamba mkulima wa Igalula hawezi kuiga Slimbridge kama ilivyo. Hana barabara ya lami hadi mlangoni wala wageni wa kulipa kiingilio. Isitoshe, wanyamapori ni mali ya taifa, na kuwinda bata mwitu bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Hawezi kuwauza.

Lakini kanuni ya Scott haikuwa kiingilio. Kanuni ilikuwa kwamba eneo la maji lipate kazi inayoonekana kwa mwenye ardhi. Wanyamwezi na Wasukuma wanalijua hilo kwa jina la ngitili. Familia hufunga kipande cha malisho masika, hukifungua kiangazi majani yanapokwisha kwingine. Aliyefunga hafanyi hivyo kwa kuwapenda ndege. Anaweka akiba ya ng'ombe wake. Ngitili ikiwekwa pale maji ya mbuga yanapodumu, akiba inaongezeka: malisho ya mwezi Septemba na Oktoba, kambale, nyasi za kuezekea, maji ya kisima, na maji ya nyuki kwa mwenye mizinga. Ndege huja juu ya hayo bila gharama, na si wote ni wezi. Korongo weupe wanaohamia kutoka Ulaya hula viwavijeshi na panzi. Yangeyange humfuata ng'ombe na kula wadudu anaowafurusha kwenye majani.

Sheria nayo inasaidia kuchora mstari. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Kwa mbuga ndogo isiyo na mto, mstari huo ni kazi ya mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji, ambao mkutano mkuu wa kijiji unaweza kuupitisha.

Pale ambapo vijiji vimeungana, mapato yanawezekana. Jumuiya za hifadhi za Ipole, wilayani Sikonge, na Uyumbu, wilayani Urambo, zilitenga ardhi ya vijiji jirani na Ugalla ili zinufaike na wanyamapori na mazao ya misitu. Vijiji vyenye mbuga kando ya reli havijafikishiwa malipo ya aina ya Caerlaverock, ingawa maji wanayoyatunza yanafika kwenye eneo linalotambuliwa na dunia nzima. Hilo ni dai ambalo halmashauri na wabunge wa Tabora wana sababu ya kulibeba.

Wakati dai hilo likisubiri jibu, hesabu ya kuanzia inaweza kufanywa msimu huu huu. Mwenye mbuga aandike gunia ngapi alivuna katika kipande cha mwisho kilichokauka, kile cha katikati kabisa, kwa miaka mitatu iliyopita, ikiwemo miaka ambayo mafuriko yalibeba mpunga wote. Kisha aandike alinunua pumba na majani kwa kiasi gani kiangazi, na alitembea umbali gani kufuata maji. Katika mbuga nyingi kipande hicho kitaonekana kinalipa zaidi kikiachwa na maji yake kuliko kikilimwa.